Je, Kila Haraka Hutoka kwa Shetani?

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu yale asiyoyajua. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Swali tuliloletewa na ndugu zetu wa Mombasa bara, wa Likoni na Kisauni na Changamwe, lina sehemu tatu, na sote twaona kuwa lastahili jawabu la wazi. Wameuliza: Matabibu wa leo wana mashine ya sumaku inayopiga picha ya vijia vya nyongo na vya kongosho bila ya kisu, na kila mwaka wataka iende mbio zaidi, hata kazi iliyokuwa ikichukua dakika nyingi sasa yaweza kufanywa kwa pumzi moja. Je, kupeleleza kilichomo tumboni si kujitia katika ghaibu? Je, haraka hii si ile tuliyohadharishwa nayo kwamba yatoka kwa Shetani? Na picha iliyopatikana kwa haraka, ambayo sehemu yake imejazwa kwa hesabu, yafaa kuaminiwa kiasi cha mtu kupasuliwa kwa ajili yake?

Wanazuoni wetu wana kanuni kwamba hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Basi kabla ya kusema hili laruhusiwa na hili lachukiza, natufahamu kwanza jambo lenyewe ni nini.

Ini la mtu hutengeneza nyongo usiku na mchana, kiasi cha nusu lita hata kukaribia lita nzima kwa siku. Nyongo hiyo hushuka kwa vijia vyembamba vinavyokutana kama vijito viingiavyo mtoni, mpaka vikawa mfereji mmoja. Ubavuni mwa mfereji huo umening'inia mfuko wa nyongo, ambao ndio ghala yake. Kisha mfereji hupita kwenye kongosho, hukutana na mfereji wa kongosho, na yote miwili humwaga katika utumbo mwembamba kwa kitundu kidogo. Wazee wetu waliposema "nyongo mkalia ini" waliujua ukaribu wa viwili hivi. Lakini njia zenyewe hawakuwa na jicho la kuziona kwa mtu aliye hai.

Kitundu hicho au mfereji huo ukizibwa, iwe kwa jiwe, au kwa uvimbe, au hata kwa mchango uliopotea njia, nyongo hurudi nyuma ikaingia katika damu. Hapo macho hugeuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya mkandaa, choo kikapauka, na ngozi ikawasha mtu asipate usingizi. Yakiongezeka na homa na kutetemeka, jambo limekuwa kubwa: uchafu umeoza ndani ya mfereji. Charcot, tabibu wa Ufaransa, aliueleza mkusanyiko huu wa dalili mwaka 1877, na mpaka leo matabibu huukhofu, kwani waweza kumuua mtu kwa siku chache, na pengine kwa saa chache.

Lakini si kila manjano ni mfereji ulioziba. Iko homa ya ini, iko malaria, na uko ugonjwa wa selimundu ambao pwani yetu yaujua vizuri. Mwenye selimundu chembe zake za damu hufa mapema, rangi yake ikazidi katika nyongo, nayo yaweza kuganda ikawa vijiwe vyeusi. Mtoto wa namna hii watu wa nyumbani huyazoea macho yake ya manjano, wakasema, "Ndivyo alivyo." Siku mfereji wake ukiziba kweli, wao bado wasema, "Ndivyo alivyo." Hapa ndipo ujuzi unapotenganisha uhai na mauti: kupambanua manjano ya jana na manjano ya leo.

Zamani kuzitazama njia hizi kulihitaji kisu. Mwaka 1968 daktari McCune na wenzake wa Washington walipitisha mpira wenye taa kinywani mwa mgonjwa mpaka kwenye kile kitundu, wakatia dawa inayoonekana kwa eksirei. Mwaka 1974 matabibu wa Japani na wa Ujerumani wakaweza kukipanua kitundu kwa njia hiyo hiyo na kutoa jiwe. Hiyo ni neema kubwa, na hata leo ndiyo njia ya kutibu. Lakini ina khatari yake: katika kila watu mia wanaofanyiwa, kiasi cha watatu hadi kumi huvimba kongosho, na wachache miongoni mwao hufa. Ikawa mtu aweza kutiwa katika khatari kwa ajili ya kutazamwa tu, na huenda asikutwe na kitu.

Hapo ndipo ilipokuja sumaku, ile ambayo hospitalini huiita MRI. Lauterbur wa Marekani na Mansfield wa Uingereza walitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi waliyoianza katika miaka ya 1970. Na mwaka 1991 Wallner na wenzake wa Ujerumani walionyesha kwamba kwa sumaku hiyo njia za nyongo zilizotanuka zaweza kuonekana. Hapana kisu, hapana mpira wa kumeza, hapana mionzi ya eksirei. Mgonjwa hufunga kula kwa saa chache. Mahali pengine hunyweshwa maji ya nanasi, kwa sababu nanasi lina madini ya manganisi yanayoyafanya maji ya tumboni yasing'are yakaifunika picha. Kisha hulala ndani ya sumaku yenye nguvu mara elfu nyingi kuliko sumaku ya ardhi iongozayo dira ya nahodha. Huvua kila kilicho cha chuma na madini, saa na pini na hata hirizi yake iliyofunikwa kwa bati, na hapo tungependa mwenye hirizi afikiri kidogo.

Siri ya picha hii ni maji. Sumaku huzipanga chembe zilizomo katika maji ya mwili. Mawimbi kama ya redio huzisukuma. Nazo zikirudi hutoa sauti hafifu ambayo mashine huisikia. Nyama hunyamaza mapema. Maji yaliyotulia, kama nyongo iliyomo mferejini, huendelea kusema baada ya nyama kunyamaza. Basi mashine hungoja. Hungoja mpaka nyama zote zimenyamaza, ndipo isikilize. Na mbele ya tabibu huonekana njia za nyongo peke yake, nyeupe katika kiza, kama mto utazamwao usiku wa mbaamwezi. Jiwe likiwamo, huonekana doa jeusi ndani ya weupe.

Baada ya kufahamu hayo, natuje kwenye swali la kwanza, la ghaibu.

Wenye kutia shaka hutaja yale mambo matano yaliyomo mwishoni mwa Sura ya Luqman, ambayo ujuzi wake ni wa Mwenyezi Mungu, na miongoni mwake ni yaliyomo matumboni mwa wazazi. Lakini wanazuoni wamepambanua ghaibu ya namna mbili. Iko ghaibu isiyofikiwa na kiumbe kwa njia yoyote, kama kujua saa ya Kiyama. Na kiko kilichofichika kwa huyu na kikadhihirika kwa yule. Kilichomo chini ya kisima ni ghaibu kwa aliye juu, wala si ghaibu kwa aliyezama. Mashine hii haidai kujua. Imeyauliza maji, na maji yamejibu kwa kanuni aliyoyawekea Muumba wake. Aliyegundua kanuni hiyo hakuiumba.

Ajabu ni kuwa mtu huyu huyu anayekhofu sumaku isije ikaingia katika ghaibu, usiku wake huenda kwa mpiga ramli akamuuliza, "Ni nani aliyenifanyia?" Naye hupiga mistari yake mchangani akamtaja jirani au wifi au mke mwenza. Huyo ndiye aliyedai ghaibu! Hakuuliza maji wala damu, hakutazama jicho wala mkojo, bali amesema asilolijua, akaacha nyuma yake mgonjwa asiyetibiwa na nyumba mbili zisizosalimiana. Ikiwa twaikhofu dini yetu, basi tuikhofie pale panapostahili khofu.

Swali la pili ni haraka. Ni kweli kwamba imepokewa katika Hadithi, kama ilivyo kwa Tirmidhi, kwamba utulivu watoka kwa Mwenyezi Mungu na haraka yatoka kwa Shetani, na Mtume (s.a.w.) alimsifu Ashajj wa kabila la Abdul-Qays kwa upole wake na kutopapia kwake. Nasi katika lugha yetu twasema, "Haraka haraka haina baraka." Lakini dini hii hii yatuamrisha tuharakishe kumzika maiti, na imesifu kuharakisha kufuturu jua likishatua. Nabii Musa (a.s.) alimwambia Mola wake kwamba ameharakisha kumwendea ili apate radhi yake. Na mchamngu Hatim al-Asamm alisema kuwa haraka ni ya Shetani ila katika mambo matano: kumlisha mgeni, kumzika maiti, kumwoza binti aliyefikia, kulipa deni likifika wakati wake, na kutubia dhambi. Na lugha yetu nayo, iliyosema haraka haina baraka, ndiyo iliyosema pia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Mithali hizi mbili hazipingani, bali kila moja ina mahali pake, na mwenye akili ni yule ajuaye leo ni siku ya ipi.

Tukiyakusanya haya twaona kipimo chake. Haraka iliyolaumiwa ni kulitangulia jambo kabla ya wakati wake, au kulitenda bila ya kulithibitisha. Haraka iliyosifiwa ni kutolichelewesha jambo lililothibiti na wakati wake umefika. Kwa hiyo ubaya haumo katika wepesi wa mkono. Umo katika kuuacha uthibitisho.

Sasa natuipime mashine kwa kipimo hicho. Picha kamili ya njia za nyongo, kwa njia ya zamani, huchukuliwa kidogo kidogo kila mgonjwa atoapo pumzi, kwani ini na njia zake hupanda na kushuka pamoja na pumzi. Mwenye pumzi za kupangika humaliza kwa dakika kadha. Mwenye maumivu, au mtoto, au mzee akohoaye, huchukua muda mrefu, na mwisho picha hutoka imefifia kama maandishi yaliyoingia maji. Kwa hiyo haraka hapa hatafutiwi tabibu ili apate kurudi nyumbani mapema. Anatafutiwa mgonjwa ambaye hawezi kutulia. Mwaka 1986 Hennig na wenzake wa Freiburg walionyesha njia ya kukusanya miangwi mingi kwa msukumo mmoja. Moja ya njia zilizofuata baadaye watengenezaji wameipa jina ambalo kwa Kiingereza lina maana ya "haraka". Mwaka 1999 wataalamu wa Zurich waliweka masikio mengi ya kusikiliza kwa pamoja, mfano wa waandishi kadha waliogawana msahafu mmoja kuunakili. Na tangu mwaka 2007, kwa hesabu za Lustig na wenzake, mashine imeweza kusikiliza sehemu ndogo tu ya sauti na kuijenga picha iliyobaki, hata kazi ya dakika kadha ikawa ya pumzi moja ya kiasi cha sekunde 20. Lakini zingatieni: hata katika mbio zote hizi, mashine haikuacha kungoja nyama zinyamaze. Lau ingeacha, isingeona kitu. Subira yake imo ndani ya haraka yake. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa haraka ya Mwislamu iwe.

Hapa ndipo linapokuja swali la tatu, na kwetu sisi ndilo gumu zaidi, nalo ndugu zetu wamefanya vyema kuliuliza. Ikiwa mashine imesikia sehemu ndogo na iliyobaki imejengwa kwa hesabu, je, ile picha ni yakini au ni dhana?

Jawabu ni kuwa ni dhana, lakini dhana ni za daraja. Sharia yetu haikutaka yakini katika kila jambo. Msafiri aliyeingiliwa na kiza asijue kibla hutazama nyota na upepo, hujitahidi kisha husali, na sala yake husihi. Kadhi huhukumu kwa mashahidi wawili, na mashahidi waweza kukosea. Dhana yenye nguvu, iliyojengwa juu ya dalili, yatosha kutenda. Isiyotosha ni dhana ya matamanio, isiyokuwa na dalili nyuma yake.

Tuseme mfano. Mtu amepokea barua iliyoliwa na mchwa. Akiwa aijua lugha vizuri, ataona nusu ya neno akajaza nusu ya pili, wala hatakosea sana, kwani maneno yana desturi zake. Lakini pakiwa mchwa wamekula tarakimu ya deni, asiseme, "Nadhani ni shilingi elfu." Tarakimu haina desturi ya kubashiriwa. Ndivyo ilivyo picha hii. Mfereji mkubwa unajulikana umbo lake na mashine huweza kuujenga kwa uchache wa sauti. Lakini kijiwe kidogo, au kijia chembamba cha pembeni, ni kama ile tarakimu: hesabu yaweza kukifuta, na mashine za leo zilizofunzwa kwa picha nyingi za watu wengine zaweza hata kuchora kisichokuwapo. Kwa sababu hii tabibu mwaminifu hutazama picha pamoja na damu ya mgonjwa na maneno yake, akitia shaka hurudia kwa njia ya polepole, na akiandika huandika, "Hili nimeliona, na hili sikuliona vizuri." Kusema "sijui" ni nusu ya elimu, kwa tabibu kama ilivyo kwa mwanachuoni.

Imepokewa na Abu Daud khabari ya mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama ana rukhsa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaumu lawama kali, akawahisabu kuwa wao ndio waliomuua, na akafundisha kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Hebu natutafakari: watu wale walikuwa na nia njema, na walidhani waitetea sharia, lakini walimjibu aliye hatarini kwa haraka isiyo na ujuzi. Ni wangapi mitaani petu wamwambiao mwenye macho ya manjano, "Hiyo si ya hospitali"? Wajue kuwa neno lile ni fatwa, na fatwa ina dhamana yake.

Basi tukiyatazama mambo kwa insafu, haraka ya mashine si ya kutisha. La kutisha ni kukawia kwetu. Tuseme mashine imeokoa dakika 5. Na tuseme mgonjwa amekaa nyumbani siku 60 tangu macho yake kugeuka: wiki mbili kwa mganga, wiki mbili kwa maji ya kombe peke yake, wiki mbili kumngojea ami yake aliye Oman atoe shauri, na zilizobaki kwa kuona haya. Siku 60 ni dakika 86,400. Mabingwa wa dunia wamekesha miaka kuokoa zile 5. Sisi tumezimwaga zile 86,400 kama maji ya kuoshea vyombo, kisha twasema tumetawakali!

Kutawakali siko huko. Mtume (s.a.w.) alimwambia bedui amfunge ngamia wake kisha atawakali. Na Sayyidna Umar alipokataa kuingia Shamu yenye tauni, akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kuwa anaikimbia kadari yake kuiendea kadari yake nyingine. Kisomo na dua ni haki na ni baraka, na hatumkatazi mgonjwa kusomewa. Asomewe akiwa njiani kwenda kwa tabibu. Wala asidhani mtu kwamba twamtaka kila mwenye kuumwa na tumbo akimbilie sumaku. Kipimo cha kwanza ni damu, na ile mashine ya mawimbi ya sauti ambayo ni rahisi na iko katika hospitali nyingi. Sumaku huja pale hayo yaliposhindwa kulimaliza swali. Kutaka kikubwa pasipohitajika ni israfu, na tabibu mwenye kuuza kipimo kisichohitajika ni sawa na mwenye kupunja mizani.

Tena natupambanue kati ya mwenye uvivu na mwenye udhuru. Mama wa Likoni aliyengoja feri na mtoto mgongoni, mchukuzi wa Changamwe ambaye siku asiyofanya kazi ni siku asiyokula, mjane wa Kisauni asiye na wa kumshika mkono: hawa hawakuchelewa kwa kupenda. Kuchelewa kwao ni deni lililo juu ya shingo zetu sisi tuliobaki.

Wako wasemao: "Na ikiwa picha yaonyesha kansa ya kongosho ambayo dawa yake ni haba, kuna faida gani kuijua mapema? Si afadhali mtu aishi katika kutojua?" Swali hili si jepesi, na hatumdharau aliyelisema, kwani mara nyingi husemwa kwa huruma. Lakini twajibu kuwa maisha ya Mwislamu hayaishii katika kupona. Ameusiwa asilale usiku mbili, hali ana kitu cha kuusia, ila wasia wake uwe umeandikwa. Ana madeni, ana amana za watu, ana ndugu aliyekatana naye miaka kumi kwa ajili ya mnazi mmoja, ana sala zilizompita. Aliyefichwa khabari yake amenyang'anywa siku zake za mwisho, ambazo huenda zikawa ndizo bora za umri wake. Mtu huyo huachwa akinunuliwa dawa za uongo mpaka siku ya mwisho, akafa na mafundo yake moyoni. Basi aelezwe, kwa upole, na mtu anayempenda, kwa kadiri ya anavyotaka kujua. Hata khabari mbaya ikifika mapema ina rehema ndani yake: imempa mtu wakati wa kujitengeneza.

Limebaki neno moja, nalo ndilo kubwa. Wakati uliookolewa na mashine ni wa nani? Kama jana ilipiga picha ya mmoja na leo kwa muda ule ule yaweza kupiga ya watatu, wale wawili waliozidi ni nani? Wakiwa ni wale wale wenye mali, wanaopimwa mara ya pili kwa kujifurahisha, basi haraka haikuleta kitu ila faida ya mwenye duka. Wakiwa ni wale waliokuwa mwisho wa foleni, basi haraka hiyo ni ibada. Wakati uliookolewa ni amana, na mwenyewe ni yule aliyekuwa akingoja.

Na wangojeao ni wengi. Japani ina mashine za sumaku zaidi ya 50 kwa kila watu milioni moja; uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ulikuta mashine 84 tu katika nchi zote za Afrika ya Magharibi, zenye watu zaidi ya milioni 370. Nchini kwetu serikali ilitia sahihi mwaka 2015 mikataba ya kukodi vyombo vya hospitali za kaunti, na mwaka 2020 kamati ya Seneti ilipoichunguza ilikuta mahali ambapo vyombo vimekaa bure kwa kukosa wataalamu, au umeme, au maji. Fundisho lake ni wazi: chombo kisicho na mjuzi ni sanduku. Kwa upande mwingine, mwaka 2022 katika Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda, mashine ndogo ya sumaku ilijengwa pale pale kwa siku 11, wataalamu wa huko wakishirikiana na wa Uholanzi na Marekani. Sumaku yake ni dhaifu, imekusudiwa watoto wenye maji kichwani, wala haitoi picha ya vijia vya nyongo kama ile kubwa. Lakini mikono iliyoijenga imejua namna ya kuitengeneza ikiharibika, na huo ndio mwanzo wa kutoka katika ununuzi kuingia katika ujuzi.

Imamu Ghazali ameuhisabu utabibu kuwa ni fardhi kifaya: wasipokuwapo wa kuutekeleza, mji mzima hupata dhambi. Imepokewa kuwa Imamu Shafii, ambaye sisi watu wa pwani twamfuata, alisikitika kwa Waislamu kuupuuza utabibu na kuwaachia wengine. Natujiulize: katika vijana wa mitaa yetu, wangapi twawasomesha fizikia na hesabu, ambazo ndizo mama wa mashine hii? Na mabinti wangapi, ili wanawake wetu wasione haya kupimwa?

Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Kairo mwaka 1284, aliiwekea wakfu, ikampokea tajiri na maskini. Wakfu si kisima na makaburi tu. Kenya ina sheria ya wakfu, na jumuiya za misikiti yetu zaweza kuwa na mfuko wa kumlipia asiyejiweza nauli na kipimo. Wenye zaka wawauliza wanazuoni wao kuhusu maskini aliye mgonjwa na aliyezama katika deni la hospitali, kwani wote wawili wametajwa katika wenye kustahiki. Na kila mwenye nyumba ahakikishe watu wake wameandikishwa katika bima ya afya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024, asingoje kuandikishwa akiwa juu ya machela. Gharama ya karamu moja ya harusi ya siku tatu ingewapima wagonjwa wangapi? Hilo twamwachia kila mmoja alihisabu mwenyewe.

Kwa ufupi jawabu letu ni hili. Kutazama njia za nyongo kwa sumaku si kudai ghaibu. Haraka yake si ya Shetani maadamu haikuacha uthibitisho. Picha yake ni dhana yenye nguvu, hutendewa kazi kwa uangalifu, na penye shaka hurudiwa. Na kukawia bila ya udhuru, hali macho ya mgonjwa yamegeuka manjano na homa imempanda, hakuna jina jingine ila uzembe, hata ukivishwa kanzu ya subira.

Mwenyezi Mungu atuponyee wagonjwa wetu, atupe haraka pahali pake na utulivu pahali pake, na atujaalie tuwe wenye kuuliza kabla ya kujibu. Amin. Wabillahi tawfiq.